Dhahabu ya kuingia mwilini ipimwe kwanza kwenye seli

Wazazi wengi wa eneo la Bukama wanaujua ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria. Wachache wanajua kwamba, katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni dhahabu. Ikiwa chembechembe ndogo sana, kama sehemu ya hamsini elfu ya milimita, dhahabu haing'ai tena manjano. Inakuwa nyekundu kama divai.

Katika kipimo, dhahabu hiyo inabaki nje ya mwili. Tone la damu linatolewa, jibu linasomwa, kipimo kinatupwa. Lakini watafiti wa nchi mbalimbali wanataka kuiingiza mwilini, ibebe dawa mpaka kwenye uvimbe wa kansa. Hapo hesabu inabadilika.

Njia moja ya kuitengeneza ni hii: chumvi ya dhahabu inayeyushwa ndani ya maji, inapashwa moto, kisha inatiwa asidi amino, kwa mfano triptofani. Asidi hiyo inaigeuza chumvi kuwa chembechembe za dhahabu, halafu inazifunika ili zisishikamane. Asidi amino ndizo zinazojenga protini za maharage na za samaki wa ziwa Upemba, na hapo ndipo watu wanajidanganya: eti kilicho katika chakula hakiwezi kudhuru. Lizini, ambayo nayo tunaila kila siku, ina chaji chanya. Ikifunika dhahabu, chembechembe zinavutwa na ngozi ya seli, yenye chaji hasi, na zinaweza kuiharibu.

Kwa hiyo seli zinawekwa katika visahani, zinapewa dhahabu hiyo kwa viwango tofauti, saa 24 au 48, kisha inatiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Zambarau ikiwa hafifu, seli nyingi zimekufa au zimedhoofika. Jaribio la kuaminika linapima pia funiko peke yake, na chumvi peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chembechembe za dhahabu ziliingia katika seli za kansa ya damu bila kuziua, ilhali chumvi ya dhahabu iliziua. Asiyesafisha vizuri ataisingizia dhahabu bure.

Kongo inauza dhahabu kwa kilo. Kazi hii inataka miligramu chache. Kinachotakiwa zaidi ni umeme. Seli zinakaa usiku na mchana katika joto la nyuzi 37. Umeme ukikatika zinakufa, na daftari la mtafiti linaandika sumu isiyokuwapo. Serikali ikitaka vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kamina vifanye utafiti wa namna hii, iweke betri za sola na mafuta ya jenereta katika bajeti kabla ya kununua mashine. Na atakayekuja sokoni Bukama na chupa ya "maji ya dhahabu" aulizwe ilipimwa kwenye seli gani, kwa kiwango gani, na imefunikwa na nini.