Nakili Kwanza, Tengeneza Baadaye

Zipo shule za sekondari ambamo kompyuta mpakato moja kuukuu ndiyo itunzayo alama za mitihani ya miaka kadhaa, maazimio ya kazi ya walimu na kumbukumbu za maabara. Siku kompyuta hiyo inapowashwa ikatoa onyo kwamba diski ina hitilafu, mtu wa kwanza kufika huiamuru programu ya kutengeneza ianze kazi papo hapo. Desturi hiyo ni mbaya, hata kama mafundi nao huifuata.

Maradhi mawili tofauti huvaa sura moja. La kwanza ni la mpangilio wa mafaili. Kila diski ina orodha inayoonyesha faili fulani limelala katika sehemu zipi, kama daftari la mkutubi lionyeshavyo kitabu kiko rafu gani. Umeme ukikatika wakati orodha inaandikwa, na betri imekwisha kufa, orodha hubaki nusu. Vitabu vingali rafuni. Daftari ndilo lisemalo uongo. Mpangilio wa FAT, uliobuniwa mwaka 1977, hauna kinga dhidi ya ajali hiyo. Ule wa NTFS, uliotokea mwaka 1993, huandika kusudio lake pembeni kabla ya kuibadili orodha, hivyo mara nyingi hujirekebisha wenyewe.

Maradhi ya pili ni ya diski yenyewe. Ndani yake mna sahani zenye utando wa sumaku, ambazo katika kompyuta mpakato nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo ndogo mara elfu kadhaa kuliko unene wa unywele. Kompyuta ikiangushwa inapofanya kazi, kichwa chaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Na chembe zilizobanduka zaweza kukwaruza kwingine.

Programu za kutengeneza, kama chkdsk ya Windows na fsck ya Linux, zilikusudiwa hasa maradhi ya kwanza. Shabaha yao ni kuifanya orodha ipatane, wala si kumrudishia mwalimu alama zake. Kipande cha faili kisicho na mwenyewe chaweza kupewa jina kama FILE0000.CHK na kuachwa hapo, apende asipende. Zikitumwa kwenye diski iliyokwaruzwa, hukipitisha kichwa juu ya majeraha yale yale na tena huandika juu ya data ambayo ingeweza kusomwa. Ni sawa na kumkimbiza mgonjwa ili ijulikane kama mguu umevunjika.

Basi yapasa kompyuta izimwe, kisha iwashwe kwa Linux iliyo katika flashi, bila kuandika chochote katika diski. Diski nyingi hujiwekea taarifa za afya yake, ziitwazo SMART. Humo zitazamwe hesabu mbili: ya sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na ya zile zinazongoja kuhukumiwa. Hesabu zikiwa sifuri, yamkini orodha ndiyo yenye kosa, ingawa sifuri si dhamana. Kwa vyovyote, nakala itangulie. Programu iitwayo ddrescue inafaa sana: huchukua kwanza sehemu zisomekazo kwa urahisi, huacha ngumu kwa mwisho, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia, ili kazi iweze kukatizwa na kuendelea. Matengenezo yafanywe juu ya nakala. Lakini diski ikigonga-gonga kwa mlio wa chuma, izimwe na isiwashwe tena, isipokuwa na mtaalamu.

Wako wasemao kwamba shule haina fedha ya diski ya pili. Hoja hiyo ni ya kweli nusu tu, kwa kuwa alama na maazimio ya shule nzima aghalabu hayajazi flashi moja ndogo. Picha na filamu ndizo zinazojaza. Wengine hudai kwamba waliitumia chkdsk na mambo yakatengenea. Hao walikuwa na maradhi ya kwanza, nao hawakulijua hilo kabla ya kujaribu.

Diski iliyokwisha kufa, kama haina tena cha kuokolewa, isitupwe. Mwalimu wa fizikia akiifungua darasani kwa uangalifu, atapata sumaku mbili zenye nguvu sana, koili ya kuusukuma mkono wa kichwa, na sahani ing'aayo kama kioo. Na kwa bahati, mkwaruzo wenyewe waweza kuonekana kwa macho.