Sheria ya barabarani haina msimu

Kila inapokaribia Pasaka, Idd au Krismasi, mambo mawili hutokea Dar es Salaam kwa pamoja. Katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, abiria hutajiwa nauli ambayo haimo katika jedwali lolote la serikali. Katika barabara zinazoelekea huko, mwendesha baiskeli husukumwa hadi ukingoni na madereva wanaowahi kutoka mjini. Ndipo inapotangazwa operesheni. Askari huongezwa, mabasi hukaguliwa alfajiri, viongozi hutoa onyo mbele ya kamera. Sikukuu ikipita, barabara hurudi mikononi mwa wenye nguvu.

Utaratibu huu umeshindwa, na wenye dhamana wanajua kwamba umeshindwa. Unaendelea kwa sababu hakuna anayewajibishwa unaposhindwa.

Tuanze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa kwanza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mradi huo wa takriban kilomita 21 haukuleta mabasi peke yake. Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 jiji lilipewa Tuzo ya kimataifa ya Usafiri Endelevu kutokana na mradi huo. Wananchi walikuwa na haki ya kuamini kwamba njia hizo zitalindwa kama zinavyolindwa njia za mabasi.

Hazikulindwa. Bodaboda hupita humo kukwepa foleni, magari huegeshwa juu yake, na penye makutano, mahali ambapo hatari ni kubwa kuliko kwingine kote, mwendesha baiskeli huachwa ajitafutie pa kupita. Kwingine meza za biashara zimeziba njia nzima. Wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye hifadhi za barabara mwishoni mwa mwaka 2021, na wengi wamerejea. Hilo halikupaswa kumshangaza yeyote: ukimwondoa mchuuzi penye wateja bila kumpa pengine penye wateja, atarudi. Kosa la kupanga vibaya lilifanywa ofisini, lakini anayelilipia ni mtu mwenye baiskeli anayelazimika kushuka barabarani katikati ya malori.

Mtu huyo ni nani? Wapangaji wengi wa mji humfikiria kama mpenda michezo wa asubuhi ya Jumamosi. Anayeonekana Manzese, Buguruni na Tandika ni muuza dafu, msambaza mikate, fundi mwenye boksi la zana, mchuuzi aliyetoka Feri na tenga la samaki, mlinzi anayerudi kutoka lindo la usiku. Baiskeli yake imebeba mzigo, na mzigo hubadilisha kila kitu. Uzito wa madafu ukiwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hauwi imara, na breki huchukua umbali mrefu zaidi kusimamisha chombo. Daladala inapochomoka ghafla kuwahi abiria kituoni, au mlango wa gari lililoegeshwa unapofunguliwa bila kuangalia nyuma, mtu huyu hana uwezo wa kukwepa. Ama aanguke, ama agongwe.

Ni kweli kwamba waendesha baiskeli nao wana makosa. Wapo wanaopita upande usio wao, na wapo wengi wanaosafiri usiku bila taa wala viakisi mwanga. Sheria iwaguse na wao. Lakini kosa la mwenye baiskeli kwa kawaida humuumiza mwenyewe, na la mwenye lori huua wengine. Askari mwenye uelewa huanza na lile linaloua.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilohilo linaeleza kuwa kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Mwaka 2020 mawaziri na wataalamu waliokutana Stockholm walipendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo watu na magari huchanganyika. Sheria yetu inaruhusu 50 katika maeneo ya makazi. Hata hiyo 50 haiheshimiwi, isipokuwa mita chache kabla ya askari na mita chache baada yake.

Ukiuliza nani anawajibika, utaonyeshwa milango mingi. Barabara kuu ni za TANROADS. Mitaa ni ya TARURA. Maegesho na wafanyabiashara ni wa halmashauri. Magari yanayotembea ni ya Polisi wa Usalama Barabarani. Kila mmoja ana kipande chake na kila mmoja anaweza kueleza kwa nini tatizo liko katika kipande cha mwenzake. Mwendesha baiskeli hupita katika vipande vyote hivyo ndani ya safari moja, na hakuna ofisi hata moja yenye jukumu la kumfikisha salama kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa tumfuate mtu huyuhuyu hadi Mbezi Luis, maana mlinzi na msambaza mikate wanaoendesha baiskeli mwaka mzima ndio pia wanaopanga foleni Desemba kwenda kuwaona wazazi Same, Moshi au Rombo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imeweka nauli kikomo. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 8, 2023, basi la daraja la kawaida liliruhusiwa kutoza hadi Sh48.47 kwa kilomita kwa abiria mmoja. Safari ya kilomita 560 hivi hadi Moshi ingegharimu kama Sh27,000. Abiria yeyote aliyesafiri katika juma la Krismasi anajua alilipa kiasi gani.

Wenye mabasi hueleza kwamba katika msimu huo magari hupanda yamejaa na hushuka matupu, hivyo nauli ya kwenda lazima ifidie ya kurudi. Hoja hiyo ina uzito, na mahali pake ni mezani kwa mdhibiti, kwa hesabu, kabla ya msimu. Kuitekeleza kimyakimya dirishani dhidi ya mtu mwenye watoto na mizigo ni uvunjaji wa sheria. Zaidi ya hapo, miezi ambayo abiria ni wachache mabasi mengi hushindana kwa kuuza chini ya kikomo. Tofauti hiyo ndiyo nafasi waliyopewa ya kupandisha wateja wanapoongezeka. Kikomo kikipitwa, anayepita ajibu.

Ugumu uko katika ushahidi. Tiketi huandikwa kiasi halali, fedha hulipwa zaidi, na nyongeza hupita mkononi mwa mpiga debe au wakala asiye na kitambulisho. Abiria akilalamika, karatasi aliyonayo inamtetea aliyemwibia. Tiketi mtandao ilianzishwa ili kuondoa mwanya huu, lakini haitauondoa ikiwa malipo yataendelea kufanywa taslimu nje ya mfumo. Malipo yafanyike kwa simu au benki moja kwa moja ndani ya mfumo, ili kilicholipwa na kilichoandikwa viwe kitu kimoja.

Nauli huumiza mfuko. Uchovu wa dereva huua. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, uamuzi uliowapa abiria uhuru mkubwa na uliomwongezea mdhibiti kazi. Kanuni inataka basi la safari inayozidi saa nane liwe na madereva wawili. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyorekodi mwendo, na dereva anatakiwa ajitambulishe kwa kitufe chake maalumu kabla ya kuondoka. Kwa maneno mengine, mdhibiti ana uwezo wa kujua, usiku huohuo, ni basi gani limezidi kilomita 80 kwa saa kati ya Chalinze na Segera na ni dereva gani ambaye hajapokewa usukani. Habari hizo hazina maana zinapotumika kueleza ajali iliyokwisha kutokea. Thamani yake ni kulisimamisha basi kabla halijafika Same.

Hapo ndipo vibali vya muda vinapopaswa kutiliwa shaka. Mabasi ya mikoani yanapopungua, magari yanayofanya kazi mijini hupewa ruhusa ya kwenda safari ndefu. Uhitaji upo, hatuukatai. Lakini dereva aliyezoea kusimama kila nusu kilomita hajazoea miteremko ya usiku wala kupishana na malori kwa mwendo mkubwa, na gari lililochoshwa na mashimo ya Mbagala halipati uzima kwa kubandikwa karatasi kwenye kioo. Kibali kisitolewe kwa gari lisilo na kifaa cha kurekodi mwendo, wala kwa safari ndefu isiyo na dereva wa pili. Orodha ya magari yaliyopewa vibali, pamoja na majina ya maofisa waliosaini ukaguzi wake, itangazwe kabla ya safari ya kwanza.

Reli nayo isibaki pembeni. Treni ya abiria kwenda Moshi ilirejeshwa Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, na treni ya kisasa ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Njia ya kati imepata nafuu, wakati kaskazini, kunakokwenda wimbi kubwa la Desemba, bado kunategemea mabasi. Shirika la Reli lieleze mapema litaongeza mabehewa mangapi na tiketi zitaanza kuuzwa lini. Kuongeza viti ni njia ya uhakika zaidi ya kushusha bei kuliko onyo lolote.

Kwa upande wa jiji, Mkuu wa Mkoa amteue ofisa mmoja atakayesimamia usalama wa waendesha baiskeli katika barabara zote, bila kujali ni za nani. Jina na simu ya ofisi yake vitangazwe. Nguzo fupi zinazozuia magari na bodaboda kuingia njia za baiskeli ziwekwe kuanzia Kimara hadi Kivukoni, mifuniko ya mitaro iliyoibwa irudishwe, na makutano yachorwe njia inayoonekana. Hakuna barabara mpya ya jiji inayopaswa kupokewa kutoka kwa mkandarasi ikiwa njia ya baiskeli haijakamilika hadi kwenye makutano. Polisi watoe takwimu za ajali za baiskeli kila baada ya miezi mitatu kwa kila barabara, ili umma uone penye tatizo na uone kama linapungua.

Bunge nalo liache kuuliza ni operesheni ngapi zimefanyika. Liulize ni leseni ngapi za mabasi zimesitishwa kwa kuzidisha nauli, ni abiria wangapi wamerudishiwa fedha, na ni maofisa wangapi wamechukuliwa hatua kwa kupitisha gari bovu. Majibu yatolewe kwa namba, na waziri ayasimamie mwenyewe.

Hakuna katika haya kinachosubiri sheria mpya, mkopo wala utafiti. Viwango vya nauli vimechapishwa, vifaa vimo ndani ya mabasi, njia za baiskeli zimelipiwa na wananchi, na tarehe ya Krismasi inajulikana. Waliopewa dhamana watekeleze, au wawapishe watakaotekeleza.