Daftari la Lamu na risiti ya Nairobi: Ni nani amlindaye mnunuzi?

MTOTO wa shule ya msingi huingia katika duka moja la Usita wa Mui, njia kuu ya biashara mjini Lamu, ilhali mkononi hana hata ndururu. "Mama asema umpe sukari kilo moja na unga kilo mbili, uandike," humwambia mwenye duka.

Mwenye duka hamuulizi kitambulisho wala nambari ya siri. Humuuliza kama nyanya yake aliyekuwa mgonjwa amepata nafuu, humpimia sukari, humfungia, kisha hufungua daftari lililokunjika pembe na kuandika deni.

Peleka ombi kama hilo kwa mpokeaji pesa wa supamaketi jijini Nairobi au mtaani Nyali, Mombasa, uone atakavyokutazama. Huko mnunuzi hukaribishwa kwa taa, muziki na feni, huulizwa kama ana kadi ya pointi, kisha huuziwa hata mfuko wa kubebea alichonunua. Asiye na pesa hurejesha bidhaa kwenye rafu na kwenda zake.

Wapo wanaoyatazama mambo haya mawili na kukata kauli kwamba mji mdogo una utu na jiji halina. Wengine hushikilia kuwa jiji limestaarabika na visiwa vimebaki nyuma. Kauli zote mbili zina upungufu, kwa sababu hazijibu swali linalomgusa mnunuzi hasa: mambo yakienda mrama, ni nani amlindaye?

Mkazi wa jiji hulindwa na risiti pamoja na duka la pili lililo ng'ambo ya barabara. Mkazi wa Lamu hulindwa na jina lake na la wazazi wake. Kinga hizi mbili si sawa, na kila moja ina pengo ambalo nyingine ingeliziba.

Tuanze na bei, kwa maana ndiyo inayowaumiza wakazi wa visiwa kila uchao. Chukua mfano wa gunia la unga uliosagwa Mombasa. Husafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, upande wa bara.

Hapo hushushwa na hamali, hupakiwa katika mashua, huvushwa hadi kisiwa cha Lamu, hushushwa tena, kisha hubebwa na punda au mkokoteni kupitia vichochoro visivyopitika kwa gari. Ikiwa unga huo unaelekea Faza, Siyu au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, ipo safari nyingine ya baharini. Kwa miaka mingi vyombo vya huko vilikuwa vikisubiri maji yajae ndipo vipite mkondo wa Mkanda.

Kila mkono unaougusa mzigo huo una ujira wake, na ni haki yake. Taabu ni kwamba mnunuzi wa Kizingitini hana njia ya kutenganisha gharama halali ya safari na tamaa ya mchuuzi. Bei haikuandikwa popote. Akiuliza mbona sukari imepanda tangu juma lililopita, jibu huwa moja: usafiri.

Pengine jibu hilo ni la kweli. Novemba 2023, mafuriko yaliyoletwa na mvua za El Nino yaliikata barabara ya Garsen kuelekea Lamu katika eneo la Lango la Simba, na magari yakakwama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu ya bidhaa kuadimika wakati huo. Lakini maji yalipokauka, ni nani aliyehakikisha kwamba bei nayo imeshuka?

Kwa mintarafu ya miundomsingi, wakazi walitarajia makuu. Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu imetiwa lami. Mnamo Mei 20, 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua rasmi gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu. Hata hivyo, bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya shehena za mataifa. Unga wa Kizingitini ungali unapita Mokowe, kwa mgongo wa hamali.

Sasa tulirejelee daftari. Mtu asiyeishi visiwani huliona kama ishara ya umaskini. La hasha! Daftari ni chombo cha uchumi kilichofumwa kwa kufuata bahari. Msimu wa kusi upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka na wavuvi wengi hushindwa kutoka. Kaskazi ikija bahari hutulia, samaki hupatikana na madeni hulipwa. Mwenye duka anayeijua kalenda hiyo hukopesha wakati wa dhiki na kukusanya wakati wa neema.

Thamani ya mpango huo ilidhihirika baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Serikali iliweka kafyu na kuwazuia wavuvi kwenda baharini usiku, marufuku iliyodumu kwa miaka kadhaa. Watalii nao walipungua. Mvuvi aliyezoea kutega usiku alijikuta hana kazi ilhali watoto wanataka kula. Supamaketi haina rafu ya mtu aliyezuiliwa na serikali kwenda kazini. Duka la mtaani lina ukurasa wake.

Fauka ya hayo, mwenye duka wa Langoni au Mkomani anajua ni nani aliyefiwa na ni nani anayeuguza. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mzazi hubisha hodi naye mwenye duka huamka akamuuzia dawa ya kutuliza maumivu. Jijini huduma ya saa 24 huhitaji walinzi, jenereta na zamu za wafanyakazi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenye duka huyo pia ana mzigo wake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kila mwenye duka visiwani ana kurasa zisizolipwa ambazo haya na ujirani humzuia kuzidai. Mtaji wake hulala katika majina ya watu, ilhali yule anayemuuzia kwa jumla Mombasa hataki majina, anataka pesa.

Hata hivyo, utu huo una bei ambayo haitajwi hadharani. Mwenye deni hana ulimi. Mama aliyeandikwa sukari na unga kwa miezi mitatu atauliza vipi kama kilo aliyopimiwa ilitimia? Atarejesha vipi unga ulioingia fukusi? Atakwendaje kununua katika duka la pili lenye nafuu, ilhali mwenye duka wa kwanza atamwona akipita na kikapu kilichojaa?

Kuna jingine. Daftari hukaa upande mmoja wa meza. Anayeandika ni mwenye duka, anayejumlisha ni yeye, na anayesoma ni yeye. Wengi wao ni waaminifu. Lakini mfumo unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja pekee humwacha mnyonge bila ushahidi siku uaminifu huo utakapopungua. Uislamu umeharamisha riba, nao wakazi wengi wa visiwa hivi ni Waislamu, lakini bei isiyoandikwa inaweza kuficha ongezeko ambalo hakuna mtu atakayeliita riba.

Je, jiji linaweza kujitapa? Takriban miaka kumi iliyopita imetupa funzo. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro mjini Nakuru ikapanuka hadi nchi jirani, ilianza kukosa bidhaa rafuni mwaka wa 2017. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa zaidi ya Sh30 bilioni. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo, na Uchumi ilikuwa imeyumba mapema.

Tazama kinaya kilichopo hapo. Duka ambalo lisingemkopesha mteja pakiti ya chumvi lilikuwa lenyewe likiishi kwa mkopo, tena mkopo wa wasambazaji wa maziwa, mkate na mboga. Lilikuwa na daftari kubwa kuliko madaftari yote ya Lamu, ila mteja hakulionyeshwa. Wafanyakazi walipoteza ajira, nao wateja waliokuwa wakijilimbikizia pointi walibaki na vipande vya plastiki.

Wala mwangaza wa taa si dhamana ya usafi. Julai 2019, runinga ya NTV ilipeperusha uchunguzi uliodai kwamba baadhi ya supamaketi za Nairobi zilikuwa zikitia nyama kemikali ili ionekane mbichi. Mnunuzi alikuwa na risiti mkononi na sumu kikapuni.

Hata mkopo haukutoweka jijini, ila ulihamia kwenye simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Januari 2019 Safaricom pamoja na benki washirika walizindua Fuliza, inayomwezesha mteja kulipa zaidi ya pesa alizonazo. Hili nalo ni daftari. Tofauti ni kwamba hutoza ada, halijui kusi wala kaskazi, na halimuulizi mtu kama nyanya yake amepona.

Pamoja na kasoro hizo zote, jiji lina kitu ambacho visiwa vinakikosa: mnunuzi anaweza kuondoka na pia anaweza kushtaki. Akiudhika katika duka moja, hana deni la kumfunga miguu. Tena vyombo vya kusimamia biashara viko karibu na macho ya wanahabari. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani nchini ilitangaza faini ya takriban Sh1.1 bilioni dhidi ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour humu nchini, kwa madai ya kuwakandamiza wasambazaji bidhaa. Ni nadra kusikia ukaguzi uliofanywa Kiwayu au Kiunga.

Kisheria, mkazi wa Kiwayu na wa Karen ni sawa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kufaidika nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 iliongezea nguvu haki hizo.

Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti usimamizi wa masoko, leseni za biashara, haki katika mienendo ya biashara na vyama vya ushirika. Kwa hivyo viongozi wa kaunti hawawezi kuitupia Nairobi lawama zote. Jambo hili liko mikononi mwao.

Ni lipi linalowezekana? Kwanza, serikali ya kaunti itangaze kila juma bei ya jumla ya bidhaa za lazima zinapofika Mokowe, pamoja na nauli ya mzigo hadi kila kisiwa, na ziandikwe ubaoni katika kila gati. Si lazima kumpangia mfanyabiashara bei ya kuuzia. Mnunuzi akijua gharama ya safari, atajiamulia mwenyewe kama neno "usafiri" ni sababu au ni kisingizio.

Pili, mizani ikaguliwe kule iliko. Sheria inataka vipimo vya biashara vikaguliwe na kupigwa mhuri, na afisa anayeishia katika soko la Mkunguni, mbele ya Ngome, hajaikagua Lamu. Apande mashua aende Faza, Mbwajumwali na Kiunga.

Tatu, kila anayekopa awe na kijitabu chake. Kinachoandikwa katika daftari la duka kiandikwe pia katika kijitabu cha mteja, siku hiyo hiyo na kwa bei ile ile. Hili halihitaji bajeti wala kompyuta. Litamkinga mteja dhidi ya hesabu asiyoijua, na litamkinga mwenye duka dhidi ya mteja anayekana deni.

Nne, wenye maduka madogo ya kisiwa cha Pate waungane katika chama cha ushirika, wanunue kwa pamoja Mombasa na wakodi chombo kimoja. Mwenye duka anayeagiza magunia matano hana sauti mbele ya tajiri wa jumla. Ishirini wakiagiza mia moja, watasikizwa.

Watakaopinga watasema kuwa karatasi zitaua imani. Lakini dini yenyewe ya wengi visiwani inahimiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Walioagiza hivyo hawakukusudia kuvunja ujirani, walitaka udumu.

Lami imefika, na huenda siku moja supamaketi kubwa ikafungua tawi Mokowe ama mjini Lamu. Itakuja na bei zilizoandikwa, na wengi wataikimbilia kwa sababu hiyo. Ikiwa maduka ya mtaani hayatakuwa yamejirekebisha, yatabaki kuwa kimbilio la wasio na pesa pekee, nayo yatakufa kwa madeni. Hapo kusi itakapovuma na mvuvi akose cha kupeleka nyumbani, hakutakuwa na mtu wa kumwambia mtoto wake, "Chukua, nitaandika."