Namba ya Siri Isiyo Siri

Kila mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, foleni ya ATM iliyo karibu na ninapoishi hupata mteja ambaye sote tunamfahamu. Ni kijana nadhifu, mwenye mkoba mdogo kiunoni. Zamu yake ikifika, hatoi kadi moja. Hutoa kifurushi cha kadi zilizofungwa kwa mpira, na karatasi yenye safu za namba. Huingiza ya kwanza, huchukua fedha, huweka alama kwa kalamu, kisha huingiza ya pili. Sisi tulio nyuma yake huguna, hutazama saa, hunyamaza. Hakuna anayempigia kelele za mwizi, kwa kuwa si mwizi kwa maana tuliyoizoea. Ametumwa na mkopeshaji. Kadi zile ni za walimu, wauguzi na walinzi waliokopa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

Juu ya mashine hiyohiyo pana bango linalotuasa tufunike vitufe kwa mkono na tusimpe mtu yeyote namba ya siri. Kila nikilisoma najiuliza: linamwambia nani?

Sina ugomvi na ushauri wenyewe. Wapo wezi wanaobandika kifaa kwenye tundu la kadi ili kunakili taarifa za ukanda wa sumaku, na kuficha kamera ndogo juu ya vitufe. Kiganja kinachofunika vitufe huinyima kamera hiyo inachokitafuta. Wapo matapeli wanaojitia kumsaidia mzee ambaye kadi yake imekwama, kisha wakamrudishia kadi nyingine. Kadi ikimezwa, usikubali msaada wa mpita njia; ipigie simu benki yako hapohapo ili kadi ifungwe. Haya kila mmoja wetu ayajue. Ugomvi wangu ni na elimu kwa umma inayomwona mwizi wa kificho tu, huku uporaji wa mchana kweupe ukipita mbele yake na risiti mkononi.

Tuseme wazi maana ya uporaji huo. Utaratibu wa utumishi wa umma nchini mwetu Tanzania unataka makato ya mikopo yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi hiyo ndiyo chakula, nauli na daftari za watoto. Mkopeshaji anayekata kupitia kwa mwajiri hawezi kuigusa. Basi mkopeshaji wa mtaani amegundua njia ya panya: haombi makato, anaomba kadi. Fedha zikishafika kwenye akaunti, hakuna mhasibu wa kuuliza theluthi iko wapi. Kinga aliyoiweka mwajiri inavunjwa kwa tarakimu nne.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alikopa shilingi 300,000 mama yake alipolazwa. Riba ilikuwa asilimia 30 kwa mwezi. Kwa miezi kumi kadi yake ilikaa kwenye droo ya mkopeshaji, na kila mwezi ilikatwa riba ya shilingi 90,000. Alikwisha kulipa 900,000, na deni la msingi lilikuwa palepale. Nilimuuliza kwa nini hakwenda benki kuomba kadi mpya. Akanijibu, "Mwalimu, kadi nitapata. Lakini nilisaini pia kwamba nimemuuzia kiwanja."

Najua watakaosema: ni mtu mzima, msomi, alisaini kwa hiari yake. Hoja hii huipenda sana wasiowahi kuhitaji fedha za hospitali saa nne usiku. Hiari inataka kuwe na chaguo la pili. Na hata tukikubali kwamba alikosea, kosa la mkopaji halimpi mkopeshaji haki ya kushika akaunti ya mtu mwingine. Namba ya siri ni saini. Anayeishika saini yako anaweza kusema "ndiyo" kwa jina lako wakati wewe umesema "hapana".

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa maskini peke yao. Katika vikundi, asasi na vyama vyetu vya ushirika, hundi hutakiwa kusainiwa na watu wawili ili jicho moja limchunge mwenzake. Lakini mwenyekiti akisafiri, huacha hundi tano zilizosainiwa bila jina wala kiasi, "kazi isikwame". Huyo naye ametoa kadi na namba yake ya siri, tena fedha si zake. Hundi iandikwe jina na kiasi kabla ya saini, nafasi zilizobaki zizibwe kwa mstari, na ipigwe mistari miwili sambamba ili ilipwe kupitia akaunti tu, si taslimu dirishani. Kazi inayokwama wiki moja ni nafuu kuliko mfuko unaokauka kimyakimya.

Sasa nawageukia wenye mamlaka. ATM nyingi zina kamera, na kila muamala una saa yake. Benki inayoona akaunti ishirini zikikombwa mfululizo, katika mashine moja, siku ya mshahara, haiwezi kudai kwamba haijui. Tunayo pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Maofisa wanaoisimamia wasisubiri malalamiko ya watu walioshikwa koo. Siku ya mshahara wasimame nasi kwenye foleni. Nanyi viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mnaokata ada kila mwezi bila kukosa, mfuko wa dharura wa wanachama wenu uko wapi?

Kwa mtumishi ambaye kadi yake iko kwenye droo ya mtu: deni ni deni, na muungwana hulilipa. Lakini lilipe kwa mkono wako, kwa maandishi na kwa risiti. Nenda benki, kadi ile ifungwe, upewe kadi na namba mpya. Hati ya kiwanja mpelekee mwanasheria, au kitengo cha msaada wa kisheria, kabla hujaamini vitisho vya mkopeshaji.

Nasi wa kwenye foleni tunalo la kujibu. Mwisho wa mwezi ujao kijana yule atafungua mpira wake, ataanza na kadi ya kwanza, na sisi tutatazama saa. Bango litaendelea kutuhimiza tufunike vitufe. Tusikubali litufunike na macho.