Kumbukumbu ya Kompyuta: Tusinunue Taa na Tarakimu

Muhula huu hakuna ubishi uliotikisa bweni letu kama huu wa kumbukumbu za kompyuta. Wenzetu wamechangisha pesa ili kuiboresha kompyuta ya mezani tunayoitumia kuhariri video za michezo ya kuigiza na kulipanga jarida hili. Sasa wapo vijana waliozugwa na matangazo. Eti tununue ile yenye namba kubwa kabisa sandukuni, na taa za rangi saba juu yake! Mimi nasema la, na sababu ninazo.

Kwanza tuelewane. Sisemi juu ya diski ya kuhifadhia kazi. Nasema juu ya vile vijiti vyembamba vinavyochomekwa kwenye ubao mkuu, ambamo kichakataji huiweka kazi kinayoifanya wakati huo. Ukizima mashine, yaliyomo yote hufutika. Kompyuta yetu hutumia aina ya DDR5, ambayo kanuni zake zilitolewa na JEDEC mwaka wa 2020. Iliyoitangulia ni DDR4, na kijiti cha aina moja hakiingii katika tundu la nyingine.

Haya, tuje kwenye namba. Sandukuni huandikwa, kwa mfano, 6000 CL30. Wengi huisoma ile ya kwanza tu, wakaanza kupiga kelele. Hebu mfikirie mpishi wa shule. Namba ya kwanza ni kasi yake ya kupakua sahani. CL ni subira, yaani mizunguko inayopita kabla ya sahani ya kwanza kutoka. Ukitaka kuijua subira hiyo kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, kisha ugawe kwa ile namba ya kwanza. Kumbukumbu ya 6000 CL30 husubiri nanosekunde 10. Ile ya 6400 CL40 husubiri 12.5, ijapokuwa namba yake ni kubwa zaidi! Na DDR4 ya 3200 CL16 je? Ni 10 vilevile. Kweli, kijiti cha DDR5 cha 6000 chaweza kupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na kile cha DDR4 gigabaiti 25.6 tu. Faida ipo, lakini anayetazama namba moja amesoma nusu ya barua.

Pili, kasi ya sandukuni haiji yenyewe. Kumbukumbu nyingi za DDR5 huanza kwa kasi ya kawaida, kama vile 4800, mpaka uingie katika mipangilio ya mashine na kuwasha XMP au EXPO. Hata hapo si ahadi, kwa maana kichakataji nacho lazima kistahimili. Vichakataji vya Ryzen 7000 viliidhinishwa na AMD kwa kasi ya 5200 kwa vijiti viwili. Ukijaza matundu yote manne, kasi iliyoidhinishwa ni 3600! Kwa hivyo anayenunua viwili leo akitumaini kuongeza viwili kesho ajiandae kurudi nyuma. Wala usichomeke kimoja pekee. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: vijiti viwili hufungua njia mbili, kimoja hufungua moja.

Haki lazima isemwe. Wapo wapenzi wa michezo ya kompyuta ambao hufaidika na kumbukumbu ya kasi, hasa kichakataji kinapoingojea data kila mara. Lakini Ryzen 7 7800X3D ya mwaka wa 2023 ina akiba ya ndani ya megabaiti 96, kwa hivyo hulazimika kuiendea kumbukumbu mara chache zaidi. Kasi hiyo hiyo haimfaidi kila mtu sawasawa.

Sisi je? Shida yetu ni uchache. Video ikifunguliwa pamoja na kurasa za jarida, kumbukumbu hujaa, na mashine huanza kuhamishia kazi kwenye diski. Hapo hata kasi ya umeme haikuokoi. Gigabaiti 32 za kasi ya wastani zitatufaa kuliko 16 za kasi ya ajabu. Na taa? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tena pesa si majani. Mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda mno, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu zao kwenye mashine za akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida kumbukumbu za Crucial. Katika hali kama hiyo, kununua kwa mbwembwe ni kuwavunjia heshima wazazi waliochanga.

Basi ushauri wangu ni huu: tununue vijiti viwili vilivyofungashwa pamoja, vya gigabaiti 16 kila kimoja. Tukishavichomeka, tuviache vijaribiwe na MemTest86 usiku kucha, maana kumbukumbu inayokosea huharibu kazi kimyakimya. Halafu tushike saa, tuihariri video ile ile kabla na baada, mara tatu tatu. Saa haina ushabiki, bwana!

Shime wanachama, tusipige kura kwa macho.