Hela ya TASAF Haina Kadi ya Chama

Vijana wenzangu wa Kilwa na Lindi, kuna uongo unaotembea vijijini kwetu kila uchaguzi unapokaribia: "Ukionekana na wapinzani, jina lako TASAF linakatwa." Nimeusikia mara nyingi. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alimkataza kijana wake kuvaa fulana yetu kwa sababu hiyo. Sera zetu hana ugomvi nazo. Anachoogopa ni watoto kulala njaa.

Mama huyo hatuwezi kumjibu kwa kelele za jukwaani. Tumwonyeshe hela inatoka wapi, inahesabiwaje, na mlengwa anaondolewa kwa utaratibu gani. Kwa hiyo tuanze sisi kuelewa.

Chanzo cha hela. TASAF ilianzishwa mwaka 2000. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini ulizinduliwa mwaka 2012, na awamu yake ya pili Februari 2020. Kwa awamu hiyo Benki ya Dunia peke yake iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 mwaka 2019. Mkopo, siyo sadaka. Utalipwa na Watanzania wote, wenye kadi ya kijani na wasio na kadi yoyote. Hata huyo mama analipa: kipande cha sabuni cha shilingi 1,000 chenye VAT ya asilimia 18 ndani yake kina kodi ya kama shilingi 152. Sasa nani anamfadhili nani?

Hesabu yenyewe. Katika awamu ya kwanza kaya ililipwa ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Mtoto mdogo akipelekwa kliniki, 4,000 nyingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa kidato cha tano na sita 6,000. Juu kabisa kaya haikuvuka 38,000 kwa mwezi, na malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili.

Chukua kaya yenye mtoto wa kliniki, wawili wa shule ya msingi na mmoja wa kidato cha pili. 10,000 na 4,000 na 4,000 na 4,000 na 4,000: jumla 26,000 kwa mwezi, yaani 52,000 kwa malipo ya miezi miwili. Awamu ya sasa ina viwango vyake, na kazi yetu ni kudai vibandikwe kwenye mbao za matangazo, ofisi ya kijiji na zahanati, ili mama apige hesabu kabla ya siku ya malipo.

Kukatwa. Hapa tuwe wakweli hata kama haitufurahishi: siyo kila aliyepunguziwa amepunguziwa kwa siasa. Sehemu ya hela ina masharti. Mtoto anatakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki. Mwalimu asipojaza fomu vizuri, mama anaumia. Sisi tukikimbilia kupiga kelele za njama wakati kosa liko kwenye rejista ya shule, tunampotezea muda na hela yake. Kwanza uliza: fomu ya mahudhurio inasemaje?

Lakini masharti nayo yana kasoro. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotuletea mafuriko na barabara kuu ikakatika pale Somanga, mtoto angevuka maji na daftari kichwani? Sharti lisilojua masika ya Kusini linamwadhibu masikini kwa mvua.

Na kuingia kwenye orodha je? Utaratibu ni kwamba kaya zinatajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, zinahojiwa kwa dodoso, kisha majina yanarudi mkutanoni yathibitishwe. Hakuna kipengele kinachouliza kadi ya chama. Balozi wa nyumba kumi hana kalamu ya kufuta jina. Anachoweza ni kukutisha tu, na vitisho vinakolea pale ambapo vijana hatuhudhurii mikutano.

Tudai nini zaidi? Mfumo wetu unamhesabu mtoto mpaka kaya ithibitishwe kuwa masikini kabisa. Ukipanda ngazi moja tu, mtoto hahesabiki tena. Mlinzi au mhudumu mwenye mshahara unaovuka shilingi 270,000 anakatwa kodi sawasawa na asiye na mtoto, hata akilea sita. Marekani, nchi ya mabepari wenyewe, mfanyakazi wa kipato cha chini mwenye watoto anapata nafuu ya kodi tangu mwaka 1975, na asipokuwa na kodi ya kutosha kukatwa, anarudishiwa fedha taslimu.

Msiniambie haiwezekani Afrika. Hapo Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 aliyekidhi sharti la ukaazi anapata pensheni jamii, bila dodoso la umasikini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kama mzee anaweza kulipwa kwa sababu ya umri wake, mtoto naye anaweza kupewa posho kwa sababu ni mtoto, tena kwa sheria ya Bunge, isitegemee mkopo wala awamu. Sisi ambao gesi ya Songosongo inapita kwetu kwenda kuwasha Dar es Salaam tangu mwaka 2004 tuna haki ya kulisema hili kwa sauti.

Kwa sasa, kazi ni hizi. Nenda mkutano wa kijiji, na orodha ikisomwa, sikiliza. Msaidie bibi au shangazi yako apate kitambulisho cha NIDA na laini yenye jina lake, hela isiingie kwenye simu ya mtu mwingine. Akipunjwa, mwandikie malalamiko, yaanzie kwa kamati ya kijiji, yaende kwa mtendaji, mpaka kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na ubaki na nakala. Fanya hivyo hata kwa mama ambaye kura yake inaenda CCM. Watoto wake wanakula ugali ule ule.