Ikulu, Msonge na Sheria: Maoni Kuhusu Urithi wa Majengo Nyahanga

Mgeni afikaye Nyahanga, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kahama, akaulizia nyumba za kihistoria, yamkini ataelekezwa kwingine: Tabora penye tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, au Bagamoyo, au Unguja. Nyahanga kwenyewe ataona kuta za saruji na mapaa ya mabati. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba sehemu hii haina urithi wa majengo. Hitimisho hilo ni potofu, na upotofu wake una mizizi katika lugha na katika sheria.

Kwa upande wa lugha, inafaa kulitazama neno ikulu. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makazi ya mtemi. Kiswahili sanifu kimelichukua na kulikabidhi makazi ya mkuu wa nchi. Ni nadra neno la nyumba ya bara kupandishwa cheo namna hiyo. Lakini wakati neno likipanda, nyumba zilizolizaa zilikuwa zikishuka. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, ikulu za miti, udongo na nyasi zilipoteza mwenye wajibu wa kuziezeka upya, na paa la nyasi lisiloezekwa upya halina maisha marefu. Muongo mmoja baadaye Operesheni Vijiji ikawahamisha wakulima kutoka katika miji yao iliyotawanyika. Ua wa minyaa huweza kuishi kuliko nyumba uliyoizunguka, hivyo si ajabu kuona duara la minyaa lisilokuwa na kitu ndani yake.

Sheria nayo haikusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na hulinda pia mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Waziri anaweza kutangaza majengo mengine, lakini kipimo cha msingi ni umri wa kitu chenyewe. Kwa kipimo hicho Kilwa na Gedi ya nchi jirani zina historia, ilhali msonge, ambao umbo lake ni la kale kuliko milango mingi iliyochongwa, hauna. Nyasi zake ni za juzi.

Wapo watakaodai kwamba hili ni suala la maendeleo tu. Hoja yao ina uzito. Mchwa, moto na uvujaji si mambo ya kubuni, na hakuna haki ya kumtaka mkazi wa Nyahanga alale chini ya nyasi ili kumfurahisha mtafiti. Linalotia shaka ni msamiati wa hoja hiyo. Tunu ya “nyumba bora” na “nyumba ya kudumu” ilipewa tofali na bati, kana kwamba kudumu ni sifa ya mawe pekee. Beit-el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na iliyomo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha.

Kasubi, Kampala, inatoa mfano wa upande wa pili. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda, yenye paa kubwa la nyasi, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikateketea Machi 2010. Mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kujengwa upya. Iliwezekana kwa sababu kazi ya kuezeka ina wenyewe: ukoo wa Ngeye. Jengo liliungua, ujuzi haukuungua.

Je, Nyahanga ujuzi huo uko wapi? Ngitili za Shinyanga, zilizofufuliwa chini ya mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986, zilirudisha miti na nyasi. Fundi wa kuezeka harudi kwa njia hiyo. Aidha, Kiswahili sanifu kina kombamoyo, pao, fito na kukandika, maneno yaliyokomaa katika nyumba ya pwani yenye pembe nne. Anayetaka kueleza viungo vya msonge hulazimika kutumia sentensi nzima mahali ambapo mzee wa Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa anatosheka na neno moja. Kila fundi anayefariki huondoka na orodha ambayo haikuandikwa.

Makumbusho ya Bujora, yaliyotokana na juhudi za Padri David Clement, na Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, yameokoa maumbo. Faida yake kubwa, ambayo haitajwi sana, ni kwamba nyumba za maonyesho nazo huchakaa, na hivyo humpa fundi kazi. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika. Msingi wa kisheria wa kulinda ujuzi badala ya kuta upo.

Kinachohitajika Kahama si fedha za mgodi. Ni kiwanja cha shule, mafundi wachache wanaolipwa ujira wa haki, na wanafunzi wa isimu wenye kinasasauti, wakiandika jina la kila kiungo kinapopandishwa. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, nyasi zikishakauka.